Kumkatia mzazi mzee bima ya maisha bila kuja kukwama kwenye madai

Fidia ya bima ya mzazi hupotea siku fomu inapojazwa, ila familia huja kugundua siku ya msiba. Wakala anauliza, mama yuko jikoni, mtoto anamjibia: "Presha? Aa, imetulia siku hizi." Wakala anaweka alama kwenye "hapana". Miezi 14 baadaye mama anafariki kwa kiharusi, kampuni inaomba faili la kliniki, na humo zimo dawa za presha za miaka 9. Ada zinarudishwa, fidia hailipwi. Ndiyo maana maelezo haya yanakaa zaidi kwenye maswali, karatasi na tarehe kuliko kwenye bei.

Anza na hesabu, wakala baadaye

Bima ya maisha hufidia hasara ya fedha. Chukua karatasi uandike nani atabaki na mzigo gani mzazi akifariki: mazishi, bili ya mwisho ya hospitali, deni ulilomdhamini, mkopo wa nyumba, baba anayeishi kwa pensheni ya mama, ndugu mwenye ulemavu anayelelewa na mzee. Kwenye kila mstari toa kilichopo tayari: akiba, mafao ya mjane au mgane, bima ya zamani iliyosahaulika kabatini. Kinachobaki ndicho kiasi cha kukatia bima. Kama hakibaki kitu, acha. Kumkatia mzazi bima ili "tupate chochote" ni kucheza kamari na kampuni inayojua hesabu kuliko wewe.

Bima za kikundi zinastahili simu mbili tatu kabla ya lolote. Baadhi ya waajiri na vyama vya ushirika huruhusu mwanachama kuwaingiza wazazi kwenye bima ya mazishi ya kikundi bila vipimo. Na mzazi anayestaafu akiwa na bima ya kikundi kazini kwake, mara nyingi anaruhusiwa kuigeuza kuwa bima yake binafsi bila maswali ya afya, lakini ndani ya siku 30 hivi tangu aondoke kazini. Siku hizo zikipita, nafasi hiyo hairudi.

Kisha fanya hesabu ambayo wakala hatakufanyia. Tuseme bima ni ya 5,000 kwa fedha yoyote, na ada ni 60 kwa mwezi. Gawanya 5,000 kwa 60: unapata miezi 83 na ushei, yaani miaka 7 kasoro kidogo. Mzazi akiishi zaidi ya hapo, utakuwa umelipa kuliko watakacholipa wao. Mtu wa miaka 70 mwenye afya ya kawaida ana kila dalili ya kuvuka miaka 7. Hilo halimaanishi bima haifai, kwa sababu unachonunua ni uhakika kwamba fedha ipo hata akifariki mwaka wa tatu. Ila kama una uwezo wa kuweka ile 60 kila mwezi pasipo kuigusa, na kuna kianzio cha kutosha mazishi, akiba inaweza kukufaa zaidi. Familia ambayo haijui kuweka akiba isijidanganye kwa hesabu hii.

Kuongea na mzee bila kuonekana unamchuria

Bima haikatwi kwa siri. Mzazi lazima ajue, akubali, na atie sahihi yeye mwenyewe. Kumwigizia sahihi, hata kwa nia njema, ni kughushi, na mkataba uliojengwa juu yake hauna nguvu.

Wazee wengi wakisikia "bima ya maisha" wanasikia uchuro. Anza na deni au jukumu lililopo, kifo kiache kije chenyewe kwenye mazungumzo: "Mama, ule mkopo wa nyumba umebaki miaka 6. Ikitokea dharura, tumeupangaje?" Ndugu zako nao wajue mapema. Bima iliyokatwa na mtoto mmoja huku wengine hawana habari huzaa maneno hata kama kila kitu ni halali, na maneno hayo hufika kwa kampuni kama barua ya kupinga malipo.

Mzazi asiyejua kusoma asomewe fomu yote kwa lugha anayoielewa, aweke dole gumba mbele ya shahidi, na iandikwe kwenye fomu hiyohiyo kwamba alisomewa na akaelewa. Shahidi asiwe mnufaika, yaani mtu aliyeandikwa kupokea fidia.

Mzazi aliyeanza kupoteza kumbukumbu ni habari nyingine. Anayetia sahihi lazima aelewe anachosaini. Kuwa na hati ya kumwakilisha kisheria hakutoshi kwa kampuni nyingi, maana inakuruhusu kulipa bili zake, lakini maswali ya afya wanataka ayajibu yeye. Hali ikishafika hapo, kinachobaki kwa kawaida ni bima ya kikundi, au kutunza ile aliyojikatia zamani isife.

Je, sheria inakuruhusu?

Huwezi kumkatia mtu bima ya maisha kama kifo chake hakikutii hasara. Uingereza iliweka sharti hilo kwenye sheria ya mwaka 1774, baada ya watu kuzoea kuwekeana dau juu ya maisha ya wengine, na nchi nyingi zimefuata wazo hilo. Kinachoshangaza ni kwamba uhusiano wa mtoto na mzazi peke yake hautoshi kila mahali. Mwaka 1904 mahakama ya rufaa ya Uingereza ilisikiliza kesi ya mtu aliyekata bima juu ya maisha ya mama yake, baada ya wakala kumhakikishia kuwa inafaa. Bima ilionekana batili, na hata ada alizokuwa amelipa hakurudishiwa, kwa kuwa wakala naye alikosea bila hila. Marekani, kwa upande wake, majimbo mengi yanautambua undugu wa karibu wa damu.

Muulize mwanasheria au wakala swali hili kwa maandishi: "Je, mtoto anaruhusiwa kumiliki bima juu ya maisha ya mzazi, na kwa kiasi gani?" Jibu likiwa na utata, kuna njia iliyonyooka: mzazi ajikatie mwenyewe, kwa kuwa kila mtu ana maslahi katika uhai wake, na wewe ulipe ada. Bei ya njia hiyo ni kwamba mzazi ndiye mwenye mamlaka. Anaweza kubadilisha mnufaika kesho asubuhi bila kukuambia, na ni haki yake.

Aina zilizopo, na ipi ijaribiwe kwanza

Bima ya muda hulinda miaka 10, 15 au 20 kisha inakwisha bila kurudisha kitu. Inafaa deni lenye mwisho: mkopo umebaki miaka 8, unakata ya miaka 10. Kampuni nyingi hufunga mlango wa bima hii mzazi akifika miaka 70 au 75. Wanaochanganyikiwa hapa ni wale wanaokata ya miaka 10 kwa ajili ya mazishi ya mtu wa miaka 68. Akifika 78 bima imekwisha, mazishi bado yapo, na bei ya kuanza upya haishikiki.

Bima ya maisha yote haina mwisho maadamu ada inalipwa, ada haipandi, na kidogo kidogo inajenga fedha ndani yake. Kuna jamaa yake wa kumwangalia kwa jicho la pili: ile ambayo gharama ya ulinzi hukatwa kila mwezi kwenye mfuko wa ndani. Gharama hiyo hupanda kila mwaka wa umri, na mtu akifika miaka 80 inaweza kuula mfuko wote hata kama ada haikukosekana mwezi hata mmoja. Kama mzazi anayo ya namna hii kutoka zamani, omba kampuni ikuandikie makadirio ya mfuko mwaka kwa mwaka kwa ada ya sasa, uone utakauka lini.

Halafu kuna bima ndogo ya gharama za mwisho, ambayo haina vipimo, ina maswali machache ya afya ya ndiyo au hapana. Maswali yenyewe yanafanana popote: je, amewahi kuambiwa ana saratani ndani ya miaka 2 au zaidi; je, anasafishwa damu kwa ajili ya figo; je, anatumia oksijeni; je, anasaidiwa kuoga, kuvaa, kula au kwenda chooni; je, amelazwa hivi karibuni. "Ndiyo" moja inaweza kumwondoa.

Ya mwisho haiulizi chochote. Humpokea mtu wa miaka 50 mpaka 80 au 85 kwa umri wake tu. Hii ndiyo inayotangazwa kwa sauti kubwa, na ndiyo yenye kipindi cha kusubiri: miaka 2, mara nyingine 3. Mzazi akifariki kwa ugonjwa ndani ya kipindi hicho, wanufaika hurudishiwa ada zilizolipwa na nyongeza kidogo, mara nyingi asilimia 10. Ajali kwa kawaida hulipwa yote tangu siku ya kwanza. Kwa mfano wetu wa 60 kwa mwezi, mzazi akifariki mwezi wa 20 familia itapata 1,200 na nyongeza ya 120. Ile 5,000 haipo kabisa.

Kosa linalogharimu watu wengi ni kukimbilia hiyo isiyouliza kwa sababu "mzee ana sukari". Sukari inayodhibitiwa kwa vidonge, au presha iliyotulia kwa dawa, mara nyingi hupita kwenye bima yenye maswali, ambayo ni nafuu na huanza kulinda siku ya kwanza. Anza na yenye vipimo kama kiasi ni kikubwa, shuka kwenye yenye maswali, malizia na isiyouliza. Usianzie chini.

Na ukiona bima ya mzee yenye kiasi kikubwa kwa ada ya kutupa, soma mstari unaosema inalipa kifo cha namna gani. Mara nyingi ni bima ya ajali. Wazee hufa zaidi kwa maradhi.

Umri na majina

Kampuni huhesabu umri kwa njia mbili. Wengine wanachukua miaka iliyotimia. Wengine wanachukua siku ya kuzaliwa iliyo karibu zaidi, nyuma au mbele. Mzazi aliyezaliwa 10 Machi 1955, tarehe 1 Oktoba 2025 ana miaka 70 kwa njia ya kwanza. Kwa njia ya pili ana 71 tayari, maana nusu ya mwaka ilipita 10 Septemba. Katika umri huo mwaka mmoja si kitu kidogo kwenye ada. Uliza ni njia ipi, na kama umechelewa kwa wiki chache, uliza kama wanakubali kurudisha nyuma tarehe ya kuanza bima. Baadhi hukubali hadi miezi 6, ukilipa ada za miezi hiyo.

Shida kubwa zaidi ni mzazi ambaye tarehe yake ya kuzaliwa ilikadiriwa. Kitambulisho kinasema 1 Januari 1954, kadi ya kliniki inasema 1957, cheti cha ubatizo au cha ndoa kina lake. Tumia tarehe ya kitambulisho rasmi, na usichague ndogo kwa ajili ya ada. Kampuni ikigundua umri umepunguzwa, kwa kawaida haifuti bima, inapunguza fidia iwe kile ambacho ada ileile ingenunua kwa umri wa kweli. Mfano: mzazi aliandikwa miaka 67, ambapo kila 1,000 ya fidia inagharimu 5 kwa mwezi. Ulilipa 50, ukahesabu una bima ya 10,000. Ukweli ni miaka 70, na kila 1,000 ni 6. Watagawanya 50 kwa 6 na kulipa 8,333. Hiyo bado ni nafuu. Ikiwa umri wa kweli ulikuwa umevuka kikomo cha kuingia, mkataba unaweza kufutwa wote na ada kurudishwa.

Majina nayo. Mama aliyeandikwa jina la baba yake kwenye kitambulisho, la mume kwenye akaunti ya benki, na la utani hospitalini, atakuja kuonekana watu watatu. Weka karatasi zote mezani na usome herufi kwa herufi. Panapotofautiana, pata hati ya kiapo au sahihisha kitambulisho sasa, wakati mwenyewe yupo wa kuapa. Akishafariki, kuthibitisha kwamba hao watatu ni mtu mmoja huwa kugumu zaidi.

Kujaza fomu

Kabla wakala hajaja, kusanya haya kwenye karatasi moja:

- dawa zote, kipimo cha kila moja na mwaka zilipoanza
- magonjwa aliyoambiwa na daktari, pamoja na tarehe
- kulazwa na upasuaji wa miaka 10 iliyopita
- vipimo vya karibuni vya presha na sukari
- kliniki zote anakotibiwa, hata ile anayokwenda "mara mojamoja"
- wazazi na ndugu zake waliofariki, kwa nini na katika umri gani

Mzazi ajibu mwenyewe, wewe kaa na karatasi umkumbushe. Wakala akisema "hii tusiiandike, itaongeza ada", huyo anatafuta kamisheni yake, na siku ya madai hatakuwepo. Andika kila kitu. Ugonjwa uliotajwa huongeza ada, lakini ukifichwa ndio unaoua fidia. Kwa mikataba mingi, miaka 2 ya kwanza ndiyo ambayo kampuni ina uhuru wa kuchimba historia yote ya matibabu na kufuta bima kwa jambo lililofichwa. Baada ya hapo inabidi ithibitishe udanganyifu wa makusudi, na wapo wasio na kikomo hicho kabisa.

Swali la tumbaku hukosewa sana. Mzee haivuti sigara, anasema "hapana", lakini ananusa ugoro au anatafuna tumbaku. Kipimo cha damu au mkojo kinatafuta masalia ya nikotini, hakijali ilipitia puani au mdomoni. Kampuni nyingi hutaka miezi 12 kamili bila tumbaku ya aina yoyote kabla ya kumhesabu asiyetumia.

Siku ya vipimo

Kama bima inataka vipimo, muuguzi atachukua urefu, uzito, presha mara 2 au 3, damu na mkojo. Kwa kiasi kikubwa cha bima wataongeza kipimo cha umeme wa moyo. Panga asubuhi. Kama wameagiza kufunga, ni muda wa saa 8 hadi 12 bila chakula, maji yanaruhusiwa; kwa mwenye sukari uliza kwanza daktari wake namna ya kupanga dawa na muda. Dawa za presha asiache. Watu humwambia mzee asimeze "ili waone hali halisi", wanaona presha imepanda, na ada inapanda nayo. Kahawa aiache asubuhi hiyo. Akae kimya dakika 5 kabla ya kupimwa, miguu chini, mkono umeegemea meza usawa wa moyo. Presha ya kwanza ikiwa juu, aombe kurudiwa baada ya dakika 10. Ni ombi la kawaida.

Mzazi wa miaka 70 na zaidi anaweza kupewa mtihani ambao familia haikuutarajia. Anasomewa maneno 10 ya kawaida, wanazungumza mengine dakika kadhaa, kisha anaulizwa ataje aliyoyakumbuka. Anaombwa achore saa ya mishale, aweke namba zote, aonyeshe saa fulani. Anaambiwa ainuke kwenye kiti, atembee mita 3, ageuke, arudi akae, huku muda ukihesabiwa. Mwambie mapema kwamba haya yapo, asifikiri wanamdharau akafanya kwa hasira. Avae miwani na kifaa cha kusikia kama anacho, viatu visivyoteleza, na mtihani ufanyike kwa lugha aliyoizoea. Mzee mwenye akili timamu anaweza kuonekana msahaulifu kwa sababu tu maneno 10 alisomewa kwa lugha ya shule.

Majibu yanayokuja

Anaweza kukubaliwa kwa ada ya kawaida, au kwa ada iliyoongezwa kwa ngazi. Ngazi moja mara nyingi ni asilimia 25 juu ya kawaida, kwa hiyo ngazi ya 4 ni mara mbili. Anaweza kuahirishwa, hasa kama amefanyiwa upasuaji karibuni au ana kipimo ambacho majibu hayajatoka. Au akataliwe.

Kukataliwa kuna mkia, kwa sababu fomu zinazofuata zitauliza kama amewahi kukataliwa, na lazima useme ndiyo. Mzazi mwenye maradhi mazito asipeleke ombi rasmi moja kwa moja. Mwambie dalali wa bima apeleke maelezo yake bila jina kwa kampuni 3 au 4 kuuliza wangemchukuliaje. Kampuni hazina jicho moja: moja humwogopa mwenye kiharusi cha miaka 5 iliyopita, nyingine humpokea. Mzazi mwenye bima ya zamani asiifute mpaka mpya iwe imeanza kulinda, na kipindi cha kusubiri, kama kipo, kiwe kimekwisha.

Mwenye bima, anayelindwa, mnufaika

Nafasi ni tatu, na fomu haikusaidii kuzielewa. Mwenye bima ndiye anayeweza kubadilisha, kufuta na kutoa fedha zilizomo. Anayelindwa ni mzazi. Mnufaika hupokea. Mpangilio usio na makona ni mtoto awe mwenye bima na mnufaika, mzazi anayelindwa. Au mzazi awe mwenye bima na anayelindwa, mtoto mnufaika. Watu watatu tofauti, kwa mfano kaka mwenye bima, mama anayelindwa, dada mnufaika, inaweza kuleta kodi: Marekani fidia ya namna hiyo inahesabiwa kama zawadi kutoka kwa kaka kwenda kwa dada.

Jaza pia mwenye bima wa pili. Watoto husahau kwamba wanaweza kutangulia. Ukifariki kabla ya mzazi na hukuandika mrithi wa nafasi yako, bima yenyewe inaingia kwenye mirathi yako, na inaweza kukosa mwenye kuilipia ada wakati mirathi inasubiri. Mnufaika wa pili vilevile. Usimwandike mtoto mdogo moja kwa moja, fedha zitangoja msimamizi wa kisheria. Na kuandika "watoto wangu wote" ni kuomba orodha ibishaniwe. Andika jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na asilimia ya kila mmoja, jumla iwe 100.

Hati ikifika

Una siku chache za kuirudisha na kudai ada yako yote, kwa kawaida 10 hadi 30 kutegemea mahali. Zitumie kusoma kitu kimoja kuliko vyote: nakala ya fomu iliyoambatanishwa nyuma. Hapo ndipo utaona wakala aliandika nini baada ya kutoka nyumbani kwenu. Pakiwa na "hapana" ambayo mzazi alisema "ndiyo", andika barua ya marekebisho siku hiyohiyo na uitunze nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Angalia pia tarehe ya kuanza, kipindi cha kusubiri kimeandikwa miezi mingapi, na kama ada imehakikishwa au "inaweza kurekebishwa".

Ada ikichelewa, kuna siku za ziada, mara nyingi 30 au 31, ambazo bima bado iko hai. Zikipita inakufa. Kuifufua huhitaji maswali ya afya upya, na kipindi cha kusubiri kinaweza kuanza sifuri. Ilipiwe kwa makato ya moja kwa moja kutoka kwenye akaunti ambayo haikauki, tarehe ya pili au ya tatu baada ya mshahara. Usitumie akaunti ya mzazi kama kumbukumbu yake inayumba. Kampuni nyingi huruhusu kuandika mtu wa pili wa kupewa taarifa ada ikikosekana. Weka ndugu, na namba ikibadilika wajulishe. Bima nyingi za wazazi hufa kwa namba ya simu iliyobadilishwa.

Madai

Toa taarifa ndani ya siku chache, hata kabla ya karatasi zote kukamilika. Utahitaji fomu ya madai, cheti cha kifo, kitambulisho cha mnufaika, maelezo ya benki na hati ya bima. Omba nakala 5 au zaidi za cheti cha kifo zilizothibitishwa, kwa kuwa benki, pensheni na ardhi nazo watazitaka. Kabla ya kuondoka dirishani, soma jina, tarehe ya kuzaliwa na sababu ya kifo kwenye cheti hicho. Kusahihisha papo hapo ni dakika, kusahihisha baadaye ni miezi.

Kifo kikitokea ndani ya miaka 2 ya kwanza, tarajia uchunguzi na ombi la rekodi za hospitali, hata kama hukuficha kitu. Usibishane, wape ruhusa ya kuzipata na uandike tarehe uliyowapa. Familia inayotegemea fidia kulipa mazishi yenyewe ijiandae kukopa kwanza, au iulize mapema kama kampuni inalipa moja kwa moja kwa mtoa huduma ya mazishi.

Wakikataa, dai barua inayotaja kifungu cha mkataba na jibu lipi kwenye fomu walisema si la kweli. Linganisha na ile nakala ya fomu uliyoitunza. Kama hoja yao ni umri, kumbuka kifungu cha umri kwa kawaida kinapunguza fidia, hakiifuti. Kama ni ugonjwa ambao haukuulizwa popote kwenye fomu, peleka malalamiko kwa mamlaka inayosimamia bima ukiambatanisha fomu yenyewe, barua yao, na ile barua ya marekebisho yenye muhuri.